Ulezi wa Kwenda Mirihi

Saa tatu kasorobo asubuhi Kinu kilianza kunguruma, na watu wote wa Maabara ya Nafaka ya Nala, nje kidogo ya jiji la Dodoma, wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaenda kusimama mbele ya ukuta wa kioo.

Mwaka ulikuwa 2114, na hapakuwa na mtambo mwingine kama ule duniani. Ulikuwa mrefu kama mabasi matatu yaliyofuatana. Kinywani mwake ilimiminika nafaka ya aina mbili, ulezi mwekundu wa Iramba na uwele wa kijivu wa Kongwa, pamoja na soya za manjano kutoka Songea. Juu yake, ndani ya bomba la kioo, yalishuka majani makavu ya mchicha, kunde na mlenda, yakizunguka mithili ya vumbi la kijani. Tumboni mlikuwa na vyumba mia moja, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kilikoboa. Kingine kilisaga kwa mawimbi ya sauti badala ya mawe, ili unga usipate joto ukapoteza vitamini zake. Kingine kiliichemsha soya kwa mvuke mzito hadi harufu yake ya maharage mabichi ikatoweka. Dakika kumi na moja tangu punje ya kwanza ilipoingia, zikatoka upande wa pili tambi ndefu za rangi ya majani, zikakatwa, zikakaushwa, zikajifunga zenyewe kwenye vifurushi bila kuguswa na mkono wa mtu.

Dakta Ndahani Chilongola, mhandisi wa chakula ambaye alikuwa amekijenga Kinu kwa miaka tisa, alichukua kifurushi cha kwanza kikiwa bado na joto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye tabia ya kutembea mbiombio hata pale asipokuwa na haraka. Alizichemsha tambi kwenye jiko dogo la maabara, akazikaangia kitunguu kwa mafuta ya alizeti, akaonja. Kisha akaanza kucheka, akampa bakuli fundi mkuu wa mtambo, Shedrack Lyanga, ambaye alizila zote bila kumbakizia mtu.

Akili-mashine ya maabara, waliyoiita Mizani, ilisoma hesabu kwa sauti yake tulivu. Kifurushi kimoja kilikuwa na protini ya kumtosha mtu mzima nusu siku, madini ya chuma ya siku nzima, na kalsiamu kushinda vikombe vitatu vya maziwa. Watu wakapiga makofi. Mhandisi mmoja akapiga kigelegele, jambo ambalo halijawahi kusikika humo ndani.

Kalsiamu ndiyo iliyokuwa ikitafutwa kuliko vyote. Wakati huo watu mia moja na kumi na wawili walikuwa wakiishi kwenye sayari ya Mirihi, katika kijiji cha vyumba vilivyochimbwa chini kiitwacho Makao ya Bonde, wakitafuta maji kwenye barafu. Kule mwili wa mtu una kama theluthi moja tu ya uzito wake wa duniani, na mfupa usiobeba mzigo hulika kidogo kidogo. Chakula chao kilikuwa lishe ya mrija, uji mweupe mzito ambao mtu aliukamua kinywani kama dawa ya meno. Kwenye karatasi ulikuwa na kila kitu. Tatizo ni kwamba baada ya mwaka mmoja watu waliuchukia, wakawa wanakula nusu, halafu robo. Daktari wa Makao alikuwa ametuma taarifa kwamba watu tisa wamevunjika mifupa katika kazi za kawaida tu. Mmoja alivunjika mkono akiinua ndoo.

Chombo cha mizigo, Kipanga, kingeondoka baada ya miezi mitano. Kikiondoka bila chakula kipya, kingine kisingefuata mpaka Dunia na Mirihi zikaribiane tena, yaani miezi ishirini na sita baadaye.

Furaha ya asubuhi ile ilidumu wiki tatu. Wafanyakazi wa maabara walikuwa wamejitolea kula tambi zile mchana na jioni, na damu yao ikawa inapimwa. Wiki ya tatu ilipokwisha, Mizani ikasema kwamba damu haijabadilika. Chuma na kalsiamu vilikuwa vinaingia mdomoni na kutoka vilevile, mwili haukuvishika. Ndahani aliagiza vipimo virudiwe mara mbili. Jibu likawa lilelile.

Aliyempa njia alikuwa Lyanga. Fundi huyu wa miaka hamsini na minane alikuwa amelelewa Kiomboi, katika nyumba ambayo mama yake aliwasomesha watoto kwa pombe ya ulezi, na tangu siku ya kwanza alikuwa akijiuliza kwa nini mtambo wenye vyumba mia hauna hata kimoja cha kuoteshea kimea. Alimwuliza Ndahani hivyo wakinywa chai. Ndahani akamjibu kwamba kimea huchukua siku tatu, na sifa kubwa ya Kinu ni zile dakika kumi na moja.

"Daktari," Lyanga akasema, "mbegu haitoi ilichonacho mpaka iamini kwamba imepandwa."

Ndahani akaweka kikombe chini. Jambo hilo alilijua. Alikuwa amelisoma chuoni miaka ishirini iliyopita, akalisahau kwa kuipenda kasi. Ndani ya nafaka na ndani ya soya kuna kitu kiitwacho fitati, ambacho huyashika madini kama kufuli lishikavyo mlango, ili mbegu isiyatumie kabla ya wakati. Mbegu ikiloa maji na kuanza kuchipua, yenyewe hulifungua lile kufuli ili imlishe mche wake. Mtu anayekula nafaka ambayo haijaota anakula ghala lililofungwa.

Alasiri ileile walianza kuvibomoa vyumba vinane vya Kinu. Hawakungoja roboti za ujenzi, ambazo zingehitaji kibali. Walishika spana wenyewe. Mahali pa vyumba vile wakaweka matrei mapana ya kuoteshea, ukungu wa maji na hewa ya vuguvugu. Siku ya tatu Lyanga aliita kila mtu aje kuona. Punje za ulezi zilikuwa zimetoa mikia myeupe, milioni na milioni, trei zima limekuwa kama zulia la manyoya. Nao unga uliotoka humo ulikuwa mtamu kabla haujatiwa chochote, kwa kuwa kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Soya nayo wakailoweka na kuiotesha kabla ya mvuke. Sasa kutoka punje hadi kifurushi ilikuwa siku nne badala ya dakika kumi na moja, na Ndahani hakujali. Baada ya siku kumi za kula tambi mpya, chuma katika damu ya wafanyakazi wake kilikuwa kimepanda kiasi kwamba Mizani yenyewe iliomba kurudia vipimo.

Baraza la Safari za Anga, ambalo ndilo lililoamua kipi kipakiwe kwenye chombo na kipi kisipakiwe, lilipongeza, kisha likaweka sharti. Damu peke yake haitoshi, ni lazima mifupa yenyewe ishuhudie. Watu kumi na wawili walazwe siku sitini kwenye vitanda-elea. Sita wale tambi za Nala, sita wale lishe ya mrija, halafu mifupa yao ilinganishwe. Na katika kila kundi wasibaki chini ya watatu hadi siku ya mwisho, la sivyo jaribio limekufa.

Kitanda-elea hakikuwa kitanda hasa. Kilikuwa sumaku kubwa sakafuni iliyombeba mtu hewani kwa kimo cha kiganja, uzito wake ukapunguzwa uwe kama wa Mirihi. Aliyelala humo hakusimama wala kukaa, hivyo mifupa yake ikalika upesi. Miezi miwili humo ilimfanya mtu kile ambacho Mirihi ingemfanya kwa mwaka na zaidi. Wote waliojitolea walielezwa hayo, na kwamba yeyote anaweza kushuka siku yoyote bila kuulizwa sababu.

Zilikuwa zimebaki siku sabini na tano Kipanga kiondoke.

Miongoni mwa waliojitolea alikuwa Nyemo Masinga, fundi wa paneli za jua, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu aliyekuwa akipanda mapaa ya Dodoma kama watu wengine wanavyopanda ngazi. Mumewe, Lazaro, alikuwa mchimbaji huko Makao ya Bonde. Yeye ndiye aliyevunjika mkono kwa ndoo. Kila Jumapili alimtumia mkewe picha-hai, na kila Jumapili Nyemo alimwona mashavu yamezidi kubonyea. Alipojitolea hakumwambia. Alimdanganya kwamba amepata kazi Kondoa, mahali ambapo picha hazipiti vizuri, hivyo kwa miezi miwili atamtumia sauti tu.

Kura ilipopigwa, Nyemo alipata kitanda namba kumi na moja, upande wa mrija.

Hakulalamika. Alimwambia Ndahani kwamba ni sawa tu, walau atajua mwenzake anakula nini. Lakini mambo hayakuwa mepesi. Vitanda vyote kumi na viwili vilikuwa katika ukumbi mmoja, na mara tatu kwa siku harufu ya tambi zilizokaangiwa kitunguu ilijaa ukumbi mzima, huku upande wa Nyemo wakipewa mirija yao myeupe, baridi, isiyo na harufu. Siku ya kumi na tano watu wa upande ule walianza kubakiza. Nyemo alijilazimisha kwanza, kisha naye akashindwa, kama Lazaro alivyoshindwa.

Kwa Ndahani zilikuwa siku za furaha ambayo hajawahi kuijua. Kila asubuhi kisoma-mifupa, kijitaa cha buluu kilichopita juu ya mwili kutoka kisigino hadi shingoni, kiliongeza mstari kwenye kioo cha Mizani. Mistari ya mrija ilikuwa ikishuka. Mistari ya tambi ilishuka kidogo wiki mbili za kwanza, ikasimama, na siku ya thelathini na moja, jambo ambalo hakuna mwanasayansi aliyewahi kuliona kwa mtu aliyelala, mistari minne kati ya sita ikaanza kupanda. Lyanga alitazama kile kioo akavua kofia. Wengine walianza kuzungumzia hospitali za wazee, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wagonjwa wasioweza kuondoka kitandani. Ilionekana wazi kwamba kile walichokitengeneza kwa ajili ya watu mia moja na kumi na wawili kingewafaa mamilioni ambao hawatafika Mirihi kamwe.

Siku ya arobaini Ndahani aliliomba Baraza lisimamishe jaribio. Alisema tofauti imeshaonekana, na kuendelea kuwalisha watu sita kitu kinachojulikana kuwa kinawala mifupa si haki. Baraza likamjibu siku hiyohiyo kwamba linamwelewa, lakini siku arobaini si sitini. Liliwahi kupeleka kitu kabla ya muda, na watu walikufa. Jaribio likikatwa, Kipanga kitabeba mirija.

Hapo Ndahani akaenda ukumbini, akavuta kiti katikati ya vile vitanda sita, akawaambia kila kitu. Hakuwaficha namba. Aliwaambia pia kwamba angekuwa wao angeshuka.

Wawili walishuka saa ileile. Wa tatu, baba wa watoto wanne, alishuka kesho yake akiomba radhi, na Ndahani akamwambia hana cha kuombea radhi. Walibaki watatu, na mmoja wao alikuwa Nyemo.

"Nikishuka leo, Kipanga kinaondoka na nini?" aliuliza.

"Mirija," Ndahani akasema.

"Na kingine lini?"

"Miezi ishirini na sita."

Nyemo alikuwa amepungua, mifupa ya mabega ilionekana chini ya shuka.

"Basi niletee huo mrija wa mchana, Daktari. Leo nitaumaliza."

Kuanzia hapo Ndahani alipita kitandani kwake kila asubuhi na kila jioni, akimwuliza kama kuna mahali panapouma. Kila mara Nyemo alisema hapana. Kisoma-mifupa kilipima uzito wa mfupa tu, maumivu hakikuyajua. Siku ya hamsini na tano, wauguzi walipokuwa wakimgeuza, Ndahani alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Nyemo akilikamata shuka kwa meno na kulishikilia mpaka walipomaliza. Alisimama pale kidogo. Zilikuwa zimebaki siku tano. Kisha akageuka akaenda zake, na jioni ile aliuliza swali lake la kawaida, akapata jibu la kawaida, hakuongeza la pili.

Siku ya sitini namba zilipelekwa Baraza asubuhi, na kabla ya saa sita jibu likarudi. Tambi zimekubaliwa. Maabara ililipuka kwa shangwe. Lyanga alikumbatiana na watu ambao hata majina yao hakuyajua, kigelegele cha safari hii hakikuwa cha mtu mmoja, na Kinu kikawashwa kifanye kazi usiku na mchana kwa siku kumi na tano zilizobaki. Tani arobaini za ulezi, uwele, soya na mboga za majani zilipita humo: tambi, unga wa uji wa kimea, biskuti za uwele, supu ya mlenda ya kuchanganya na maji ya moto. Malori yasiyo na madereva yalipanga foleni hadi barabarani.

Katika shangwe ile wauguzi walizima sumaku ya kitanda namba kumi na moja na kumsaidia Nyemo kusimama. Alipiga hatua moja. Mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, ambao ulikuwa na ufa tangu siku ya hamsini na tatu, ukakatika.

Alipasuliwa mara mbili. Madaktari walimwekea kiungo cha bandia, wakamwambia atatembea, ila mapaa asahau.

Ndahani alimtembelea hospitali siku Kipanga kiliporuka. Alikuwa amebeba bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Wazo lilimjia njiani, akashtuka nalo, kwamba Nyemo alikuwa amezinusa tambi zile siku sitini na hajawahi kuzionja. Alimwekea mto mgongoni, akamshikia bakuli. Nyemo alikula taratibu, kijiko kwa kijiko, mpaka likabaki bakuli tupu.

"Chumvi haijakolea," alisema mwishowe. "Lakini atazipenda."

Ndahani alilifunika bakuli, akalifunua, akalifunika tena. Akamwambia kwamba siku ile alimwona akiuma shuka.

"Ungeniuliza habari ya shuka, ningesema siumwi," Nyemo akasema.

"Ungesema huumwi. Lakini ningekuwa nimeuliza."

Akaushika mkono wa Nyemo, na Nyemo hakuutoa. Walikaa hivyo hadi muda wa wageni ukaisha.

Kipanga kilisafiri miezi saba. Mwezi wa kumi na moja tangu kiruke, ikaja taarifa ya daktari wa Makao: kwa siku tisini hakuna aliyevunjika, na watu wamenenepa. Pamoja nayo ilikuja picha-hai ya Lazaro, na Nyemo akamwita Ndahani nyumbani kwake Chang'ombe waitazame pamoja.

Lazaro alikuwa amejaa mashavu. Alionekana akiruka ndani ya chumba chekundu kama mbuzi, akicheka, akionyesha bakuli. Alieleza jinsi watu wanavyogombania ukoko wa uji wa kimea. Kisha akasimama, akasema kwamba wameisoma taarifa ya jaribio, na ndani yake majina hayakuandikwa, namba tu. Wote wanaizungumzia namba kumi na moja, ambaye mfupa wake ulishuka kuliko wote na hakushuka kitandani. Kisima kipya walichochimba wamekiita Kumi na Moja. Akasema kama kuna anayemfahamu mtu huyo, amfikishie kwamba huku anaombewa. Halafu akamgeukia mkewe. Akirudi, mwaka kesho kutwa, watapanda paa la nyumba yao wenyewe, wawili, walimalize, kwa kuwa hawakupata nafasi ya kulimaliza kabla hajaondoka.

Nyemo aliitazama picha ile mara mbili. Mara ya pili alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, na alipojipangusa aliomba Ndahani amwashie kamera, kwa maana miezi yote hiyo alikuwa bado anatuma sauti tu.

Alinyanyuka kutoka kwenye kochi. Ilimchukua muda. Akasimama katikati ya sebule, akanyoosha kanga yake begani, akiiegemea fimbo nyeusi aliyopewa hospitali. Ndahani aliangalia kwenye kioo cha kamera, akaona jinsi fimbo ile ilivyojitokeza mbele ya kila kitu, akamwuliza kwa sauti ya chini kama amsogezee kiti, aiweke pembeni isionekane.

"Iache," Nyemo akasema. "Washa."